Madirisha yasiyopandana: historia ya skrini ndogo

Waandishi wenzangu wakiiona kompyuta yangu kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: "Vipi, imeharibika?" Hawaoni picha ya ziwa nyuma, hawaoni vile vialama vya kubonyeza, hawaoni mahali pa kuanzia. Wanaona skrini nyeusi na namba chache pembeni: 1, 2, 3, 5. Basi. Nikigusa vitufe viwili, habari niliyokuwa naiandika inaondoka yote na mahojiano ya jana yanakuja. Nikigusa tena, yanakuja matokeo ya intaneti. Kipanya sina. Ninacho, lakini kiko kwenye mkoba chini ya chaja na sijui lini nilikitoa.

Nimechoka kujibu swali hilo nusu nusu, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu. Naomba uvumilivu, maana jibu lake halianzii Kigoma, linaanzia California, linapita mahakamani, linapita Ufini na Ujerumani, halafu ndiyo linafika kwetu. Na nina sababu ya kulisimulia kama historia. Watu wengi wanaamini huu ni mchezo wa vijana wa Ulaya wenye skrini tatu mezani na muda wa kupoteza. Mimi nimesoma habari zake nikakuta kinyume: chimbuko lake ni uhaba wa nafasi. Waliobuni walikuwa na shida niliyonayo mimi, kazi nyingi na skrini ndogo.

Kwanza, niko wapi. Kazi zangu nyingi nazifanyia Kidahwe. Kwa msiopafahamu, ukitoka Kigoma mjini kwa barabara utafika hapa mahali barabara inapogawanyika: moja inakwenda Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi, nyingine inakwenda Uvinza. Ni njia panda, na kama njia panda zote za Tanzania watu hushuka hapa na mizigo yao, wakangoja gari jingine. Kompyuta yangu nayo ni mtumba, ya inchi 12, ilishatumika na ofisi fulani huko Ulaya kabla haijanifikia. Ndiyo kiasi chake.

Na sasa kuhusu mashine za namna hiyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kulikuwa na nyongeza ya masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026 kwa watu wa kawaida watakaojiandikisha, lakini baada ya hapo ni kwaheri. Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na mashine yangu haina sifa hizo. Nyingi mnazozinunua madukani kwa bei ya kuungaunga hazina pia. Fundi wa mjini aliniambia bila kuficha:

"Kaka, hii usihangaike nayo. Tafuta nyingine."

"Ina tatizo gani, fundi?"

"Haina tatizo. Imepitwa tu."

Jibu hilo lilinikaa. Mashine haina tatizo ila imepitwa. Nani kaamua? Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za madirisha.

Tuelewane maneno kabla hatujaondoka. Kwenye kompyuta nyingi madirisha hupandana kama karatasi zilizotupwa mezani: lililo juu linaficha lililo chini, nawe unafukua. Kuna mtindo mwingine ambapo madirisha hayapandani hata kidogo. Ukifungua moja linachukua skrini nzima. Ukifungua la pili, yanagawana nusu kwa nusu. La tatu, yanagawana tena, kama fundi anavyopanga vigae ukutani. Anayegawa ni programu, si wewe. Unachofanya wewe ni kuiamuru kwa vitufe. Vigae vikiwa vingi mno skrini moja haitoshi, na ndiyo maana mtindo huu unakwenda pamoja na kitu kingine: maeneo mengi ya kazi. Skrini ni moja lakini nyuma yake kuna "vyumba", na kila chumba kina namba na madirisha yake. Mimi ninavyo kumi, ingawa ni mara chache vyote kuwa na watu.

Haya, twende California. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta mashine ya maabara yake. Kila kitabu cha historia kinasema siku hiyo ndiyo kipanya kilionyeshwa hadharani. Kweli. Ila vitabu vingi vinasahau mkono wa kushoto. Engelbart alikuwa na kipanya kulia, kibodi katikati, na kushoto kijibodi kidogo cha vitufe vitano tu ambavyo vilibonyezwa kwa pamoja, kama mtu anayepiga kinanda, kutoa herufi na amri. Yeye hakuwaza kwamba mkono mmoja utashika panya na mwingine utakaa bure. Dunia ilichukua kipanya, vitufe vitano ikaviacha. Alitaka mtu ajifunze kwanza ndipo afaidi, na soko halipendi kumwambia mteja "jifunze kwanza".

Miaka ya 1970 kazi ikahamia maabara ya Xerox kule Palo Alto. Hapo Alan Kay na wenzake walitengeneza madirisha yanayopandana, kwa sababu hiyo hiyo ninayoizungumzia: skrini ilikuwa ndogo na walitaka vitu vingi vionekane, basi wakaviweka kimoja juu ya kingine. Lakini Xerox hiyo hiyo ilipotoa mashine yake ya ofisi mwaka 1981, ile iliyoitwa Star, madirisha ya kazi hayakupandana, yalipangwa kama vigae. Kumbe hata ndani ya nyumba moja walikuwa hawajakubaliana.

Apple wakachagua kupandana, Lisa mwaka 1983 na Macintosh Januari 1984. Microsoft walipotoa Windows ya kwanza Novemba 1985, yao ilikuwa ya vigae. Ndiyo, msomaji, Windows ya kwanza kabisa ilipanga madirisha kama kompyuta yangu! Mtu aliyeongoza kazi hiyo, Scott McGregor, alikuwa ametokea Xerox, na kule alikuwa amezoea vigae. Miaka miwili baadaye, Desemba 1987, ikatoka Windows 2.0 na madirisha yake yanapandana. Machi 1988 Apple ikawapeleka mahakamani.

Kesi hii naipenda kama mwandishi kwa jinsi mahakama ilivyolazimika kuhesabu. Apple ililalamikia vitu 189. Mahakama ikaona 179 vilikuwa vimeruhusiwa tayari kwenye mkataba ambao kampuni hizo mbili zilitia saini mwaka 1985. Vikabaki 10, na humo ndani limo suala la madirisha kupandana. Fikiria mawakili wa gharama kubwa wanabishana kama kuweka karatasi juu ya karatasi ni mali ya mtu! Apple ilishindwa, na rufaa ikatupwa mwaka 1994. Kuanzia hapo kupandana kukawa mali ya wote, na kwa kuwa Windows ilienea kila ofisi, watu wakaamini kwamba kompyuta imezaliwa hivyo. Vijana tuliojifunzia kompyuta kwenye vituo vya mafunzo tulifundishwa kukuza, kupunguza na kuburuta dirisha kama vile ni sheria ya maumbile.

Je, kupandana ni bora? Mwaka 1986 Sara Bly na Jarrett Rosenberg, wa Xerox pia, walilipima jambo hili kwa watu halisi. Kazi zilizotulia, ambazo yaliyomo yanaenea vizuri kwenye nafasi iliyotolewa, watu walizimaliza upesi zaidi kwa vigae. Kazi za kuhangaika, zinazotaka kupanga upya kila mara, baadhi ya wazoefu walizifanya upesi zaidi kwa madirisha yanayopandana. Nayasema yote mawili kwa sababu mashabiki wa vigae huwa wanataja nusu ya kwanza tu. Mimi ni shabiki, lakini kazi yangu ni uandishi.

Mwaka huo huo wa 1986 ndio uliozaa vyumba, na hapa nitakaa kidogo.

Austin Henderson na Stuart Card, hao nao wa Xerox, waliandika makala kuhusu mfumo waliouita Rooms, yaani Vyumba. Walianza na hesabu rahisi ambayo kila mtu angeweza kuifanya na hakuna aliyeifanya: meza ya kawaida ya ofisi ina ukubwa gani ukilinganisha na skrini? Jibu lao lilikuwa kwamba juu ya meza moja unaweza kupanga makumi ya skrini za Macintosh. Halafu watu hao hao wanaambiwa skrini ni "meza" yao! Mtu aliyezoea kutandaza mafaili, kikombe cha chai na gazeti kwenye meza nzima anapewa eneo la ukubwa wa daftari na kuambiwa atandaze humo. Lazima vitu vipandane, na lazima afukue.

Kisha wakaangalia watu wanavyotumia madirisha yao. Waligundua kwamba hatuyatumii ovyo. Yanakwenda kwa makundi. Mtu anapoandika barua anatumia madirisha matatu au manne yale yale, akirudia rudia. Akihamia kwenye kazi ya hesabu, anaacha yale na kuchukua kundi jingine. Shida kubwa haiko ndani ya kundi, iko kwenye kuhama: unafunga hili, unasogeza lile, unatafuta la tatu, mpaka umemaliza kupanga umesahau ulichotaka kufanya. Walikopa wazo kutoka kwa Peter Denning, ambaye mwaka 1968 (mwaka ule ule wa Engelbart) alieleza kwa nini kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inaweza kufanya kazi vizuri kwa muda halafu ghafla ikakwama. Kila programu ina kifurushi cha vitu inavyovihitaji kwa wakati mmoja. Kifurushi kikienea kwenye kumbukumbu, mambo yanakwenda. Kisipoenea, mashine inatumia muda wake wote kuleta na kurudisha badala ya kufanya kazi. Henderson na Card wakasema binadamu mbele ya skrini ndogo anapatwa na jambo hilo hilo. Haumwi, si mzembe. Meza imemzidi.

Dawa yao ikawa kila kundi lipewe chumba. Chumba cha barua, chumba cha hesabu, chumba cha kuandika. Vyumba vina milango, ukipita mlango unakuta kila kitu ulivyokiacha. Na wakafikiria mbali zaidi. Je, kama kuna kitu unakitaka kila chumba, mathalani saa? Wakakiita kitu cha mfukoni: unakwenda nacho popote. Na kama unataka kuhama na kitu kimoja tu kutoka chumba hiki kwenda kile? Hicho wakakiita mzigo, unaubeba unapopita mlangoni. Kwa mtu wa Kidahwe hilo halihitaji ufafanuzi. Abiria wa Kasulu akishuka hapa na kindoo chake cha mawese, kindoo hakibaki kwenye gari la kwanza.

Nimekaa hapo makusudi. Nimetumia hiyo programu yangu miaka kadhaa na kila amri ninayobonyeza leo naiona mle: kuhama chumba, kubeba dirisha kwenda chumba kingine, kuwa na kitu cha mfukoni kinachoitwa popote ulipo. Yote yamo kwenye makala ya 1986, na yameandikwa kwa ajili ya watu wenye skrini finyu.

Sasa ajabu. Wazo zuri hivyo, mbona hatukuliona? Watumiaji wa Mac walipewa maeneo mengi ya kazi na Apple yenyewe mwaka 2007. Watumiaji wa Windows waliyakuta yamekuja na mashine moja kwa moja mwaka 2015, na Windows 10. Miaka 29 baada ya makala! Katikati hapo wazo lililelewa na watu wa Unix, ambao wengi wao hawakulipwa senti kwa kazi hiyo.

Sababu moja ni ya kiufundi. Chuo cha MIT kilianzisha mwaka 1984 mfumo wa michoro ulioitwa X, na toleo lake la 11 likatoka mwaka 1987. Watengenezaji wake walifanya uamuzi mmoja ambao nauona mkubwa: X inachora madirisha, lakini haiamui yapangweje. Kupanga ni kazi ya programu nyingine, na unaweza kuibadilisha kama mtu anavyobadilisha mpangaji wa nyumba bila kubomoa nyumba. Tom LaStrange akaandika moja, kisha nyingine iliyoitwa swm, mwaka 1990, iliyokuwa na meza kubwa kuliko skrini ambayo unaizunguka. Mwaka 1993 Robert Nation akaja na fvwm, iliyowaingiza watumiaji wengi wa mwanzo wa Linux kwenye maeneo mengi ya kazi. Na hata bila michoro yoyote, mtumiaji wa Linux alikuwa akibonyeza Alt na F1, Alt na F2, anahama kutoka skrini moja ya maandishi kwenda nyingine. Kibodi tupu.

Halafu ukaja mwaka 2000, na mimi hapa hucheka peke yangu. Shawn Betts alitoa programu ya kupanga madirisha isiyotaka kipanya kabisa, akaiita ratpoison. Sumu ya panya! Kwa Kiswahili mzaha huo unanoga zaidi kuliko kwa lugha yake, kwani sisi tumekiita kifaa chenyewe kipanya. (Na sisi Watanzania tukisikia Kipanya tunamfikiria kwanza Masoud, yule mchora katuni, ambaye namtakia maisha marefu yasiyo na sumu.) Mwaka huo huo Tuomo Valkonen wa Ufini akatoa Ion, iliyogawa skrini kwa vigae. Baadaye Mjerumani Anselm Garbe akaandika wmii, kisha mwaka 2006 dwm, na akajiwekea sharti la ajabu: programu yote isizidi mistari 2000. Alitaka mtu mmoja aweze kuisoma yote akaielewa. Mwaka 2007 ikaja xmonad. Mwaka 2009 Michael Stapelberg, naye wa Ujerumani, akiwa ameudhiwa na jinsi wmii ilivyoshughulikia skrini zaidi ya moja, akaanza i3. Hiyo ndiyo niliyoianza mimi.

Angalia miaka hiyo. Mashine zinazidi kuwa kubwa, programu za biashara zinazidi kuwa nzito, na watu hawa wanashindana kupunguza. Hawakuwa wakiifikiria Kigoma, nina hakika. Lakini programu ya mistari 2000 haiulizi kama prosesa yako ni ya mwaka gani.

Na sisi tulikuwa wapi? Tusijidharau. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na hesabu kwa Kiswahili. Ilikuwa programu huria, na timu ililazimika kukaa na kubishana kila neno: dirisha, faili, kuhariri, kuhifadhi. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, mtu aliweza kuomba CD zake zikaja kwa posta bila malipo. Zilifika kwenye masanduku ya posta ya Afrika nzima wakati kupakua kitu cha ukubwa huo kwa intaneti ya kafe ilikuwa ndoto, maana nyaya za baharini zilikuwa bado. SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009. Kwa hiyo njia ilishapita kwetu. Tulichokosa ni watu wa kuifuata baada ya CD kuisha, na hilo siwezi kuwalaumu Wazungu.

Kuna jambo dogo la lugha hapa. Kiswahili, tangu tahajia yake ya Kilatini iliposanifiwa chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, hakina nukta wala vikofia juu ya herufi. Kibodi yoyote ya mtumba, iwe ya Kiingereza au nyingine inayofanana nayo, inatutosha: alama ya ritifaa ya ng'ombe ipo, na tumebakiwa na Q na X ambazo hatuna kazi nazo. Mwenzetu anayeandika Kivietnamu hana raha hiyo. Programu inayoendeshwa kwa kibodi, kwa Mswahili, haina kizuizi cha herufi hata kimoja. Na vyumba vyangu nimevipa majina ya Kiswahili bila kumwomba mfasiri yeyote. Faili la mipangilio ni maandishi ya kawaida, naandika "1:habari", "2:sauti", na kesho yake ndivyo vinavyosomeka pembeni ya skrini.

Basi niwaonyeshe kazi inavyokwenda. Kitufe kikuu ni kile chenye nembo ya Windows. (Hakina kazi nyingine, nimekiajiri.) Nikikibonyeza pamoja na 1, nipo kwenye habari ninayoandika. Na 2, kwenye sauti za mahojiano. Na 3, kivinjari. Na 4, barua pepe. Na 5, takwimu na nyaraka za halmashauri, zile PDF zilizopigwa picha zikiwa zimeinama. Nikiongeza Shift, dirisha nililonalo linabebwa kwenda namba ninayoitaja. Chumba kisicho na dirisha kinajifuta chenyewe, ndiyo maana pembeni namba zinaruka. Kamusi nimeiweka mfukoni: naiita popote, inaelea juu ya kila kitu, nikimaliza naificha. Ndiyo, hapo inapandana. Bly na Rosenberg wangefurahi.

Kazi inayonifaidisha zaidi ni kuandika mahojiano kutoka kwenye sauti. Wavuvi wa dagaa wanaongea haraka, wanachanganya Kiswahili, Kiha na wakati mwingine Kibembe, na upepo wa ziwa unapiga kinasa. Zamani mtu anasikiliza sentensi, anashika kipanya, anasimamisha, anarudi kwenye maandishi, anabofya mahali pa kuandikia, anaandika nusu, anarudi. Kifurushi cha Denning kinapasuka kila sekunde kumi. Sasa nimeteua vitufe viwili, kimoja kinasimamisha sauti na kingine kinairudisha nyuma sekunde tano, na vinafanya kazi hata nikiwa chumba kingine kabisa. Macho yangu hayatoki kwenye ukurasa. Mzee akisema jina la mtumbwi nisilolisikia, narudisha mara tatu, na mikono haijaondoka kwenye herufi.

Kuna faida nyingine ambayo waandishi mtaielewa. Unafanya kazi kwenye gari la abiria, jirani ana macho marefu, na mbele yako kuna jina la mtu aliyekupa habari kwa kuaminiana. Vitufe viwili, jirani anaona hesabu za bei ya mawese. Lakini tusidanganyane, hiyo ni pazia, si kufuli. Anayetaka kulinda vyanzo vyake afunge diski kwa nywila na aache kufungua nyaraka hizo ndani ya gari.

Wala sitawaambia kwamba betri itadumu mara mbili. Skrini inakula umeme ule ule iwe na vigae au la, na umeme ukikatika Kidahwe umekatika. Wala si kwa kila mtu. Wiki ya kwanza utatukana. Vitufe havionekani popote, hakuna orodha ya kukuonyesha, na ukikwama hakuna fundi mjini wa kumpigia. Mpiga picha anayechanganya picha ishirini na kuziburuta huku na huku simshauri, kipanya chake kinamfaa. Mchora katuni pia. Dada mmoja wa redio hapa mkoani nilimwonyesha, akajaribu kwa siku tatu, akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nina vipindi viwili kwa siku, hii shule ya jioni sina muda nayo." Ana haki. Engelbart aliambiwa hivyo hivyo.

Ninachokataa ni lile neno la fundi, imepitwa. Mashine yangu inaandika, inasikiliza, inatuma, na mfumo wake unapata masasisho ya usalama kila wiki kutoka kwa watu ambao hawajui kuwa nipo. Zitakuja nyingi mwaka huu kwa bei ya kutupa, kwa sababu ofisi za huko nje zinazitoa. Baadhi zitaishia kuchomwa jalalani ili watu watoe shaba.

Kuna badiliko moja linaendelea ambalo lazima nilitaje. Ule mfumo wa X wa MIT umezeeka, na nafasi yake inachukuliwa na Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Humo yule anayechora na yule anayepanga wamekuwa programu moja, yaani uamuzi wa 1984 umegeuzwa. Nilihofia kwamba vyumba vyangu vitabomolewa. Lakini Drew DeVault alikuwa ameshaanza mwaka 2015 kuandika sway, inayosoma mipangilio ya i3 ilivyo, na toleo lake la 1.0 lilitoka Machi 2019. Nilihamisha faili langu, nikabadilisha mistari michache ya kibodi na skrini, mengine yakakubali. Vyumba vile vile, majina yale yale. Faili lina maelezo kwa Kiswahili juu ya kila amri, na anayelitaka akinikuta Kigoma au hapa njia panda aje na flashi, nitamnakilia.